Mama Laini na Safari ya Kisiwani

Kazini walimwita Mama Laini, na mtu asiyemjua alidhani jina hilo limetokana na upole. Wapi! Lilitokana na laini za simu. Tangu usichana wake hadi siku aliyostaafu, alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa akiunganisha watu: wodi na maabara, daktari na mkewe, ndugu aliye mbali na mgonjwa aliyelazwa jana. Ukipiga simu pale, kabla hujampata daktari wala muuguzi, ulikutana kwanza na sauti yake: "Hospitali. Nikusaidie nini?" Aliyekuwa akilia alijikuta anapunguza kilio, na aliyekuwa akifoka aliona haya.

Masikio yake ndiyo yalikuwa chombo chake cha kazi. Mtu alimtambua kwa kikohozi tu. Alimjua daktari anayesema "niko njiani" huku bado kajifunika shuka, na alimjua mume anayeulizia hali ya mkewe kwa sababu ya kuulizwa na watu, si kwa sababu ya moyo wake. Hayo yote aliyasikia na kuyameza. Wenzake walisema hakuna kitu kilicho laini kwake ila jina, maana ukimletea upuuzi kwenye simu alikukata kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya kustaafu alihamia kwa mwanawe wa pekee. Mwana huyo alikuwa fundi wa lifti, mtu mkubwa wa umbo na mwenye sauti nzito, aliyeshinda kwenye mashimo ya majengo ya watu na kurudi jioni ananuka grisi. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao, pale ghorofa ya kwanza, kilikuwa ndiyo karakana yake: meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yamesimamishwa pembeni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa, na cherehani ya umeme iliyounguruma kutwa. Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari, mwembamba kwa umbo na kwa sauti.

Siku za mwanzo Mama Laini aliilalamikia sana ile cherehani. "Mkwe wangu, hiyo mashine inasaga mahindi au inashona?" Mkwe alicheka, akafunga mlango, na kelele zikapita chini ya mlango. Kisha, kadiri miaka ilivyokwenda, mama mkwe akaacha kulalamika. Mkwe akajua tu kwamba wamezoeana.

Ukweli ulikuwa mwingine. Uziwi ulimwingia Mama Laini taratibu, bila kubisha hodi. Kwanza ndege wa asubuhi waliacha kulia. Akadhani wamehama. Halafu kengele ya mlango ikawa kama imeharibika. Halafu sauti ya mjukuu wake ikabaki midomo inayochezacheza tu. Sauti nzito ya mwanawe ndiyo iliyoendelea kumfikia, nayo vipandevipande.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Fundi saa asiyejua saa ngapi, opereta wa simu asiyesikia! Badala yake akajifunza ujanja. Mezani alikaa mgongo dirishani ili mwanga uangukie nyuso za wenzake, aisome midomo yao. Watu wakicheka, naye alicheka, akichelewa kidogo. Akiulizwa jambo asilolielewa alijibu, "Mtaamua wenyewe," na familia ikamwona mama mwenye busara asiyependa kuingilia mambo ya watu. Simu yake ya mkononi aliiacha iishe chaji kwenye droo. Akibanwa sana alilaumu zama. "Watu wa siku hizi mnatafuna maneno kama mnatafuna jojo."

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu. Ilipokaribia kulegea, fundi wa lifti alirudi nyumbani uso umekunjuka. Amepewa likizo. Si ile ruhusa ya siku moja ya kwenda kwa daktari wa meno, bali likizo kamili, majira ya machipuko, wakati shule nazo zimefungwa.

"Safari hii tunatoka," alisema akiwa hajavua hata viatu. "Wote. Nisipotoka sasa nitakuja kutolewa kwa kubebwa."

Wakakaa mezani kupanga. Binti alitaka milimani, kwenye nyumba za mbao na njia za kupanda kwa miguu. Mama yake alitaka kisiwa. Kuna mteja mmoja aliyemtundikia mapazia, na huku yeye yuko juu ya ngazi mteja alimsimulia kisiwa kimoja ambako machipuko huwahi kufika. Hakuna jua la kuchoma wala baridi ya kung'ata mifupa, na mtu anaweza kukaa nje na sweta moja tangu asubuhi hadi jioni.

Mama Laini alifuata mazungumzo kwa macho, mara mdomo huu, mara ule, kama anayeangalia mpira. Alishika neno "kisima." Akashangaa.

"Kisima? Mnataka kuchimba kisima ghorofani?"

Wote wakaangua kicheko. Walijua mama anatania. Naye, kwa kuona wamecheka, akacheka, akainuka kwenda kuchukua sukari kabatini ili apate kupumua.

Aliporudi alisimama ukumbini, bakuli la sukari mkononi. Mwanawe alikuwa amempa mgongo, anazungumza na binti, na sauti yake nzito ikamfikia mzee wazi kuliko ilivyomfikia kwa miezi mingi:

"...itabidi tumwache bibi yako."

Kisha mkwe akasema kitu. Kisha mjukuu akasema kitu. Kisha wote watatu wakacheka.

Mama Laini alibaki pale mpaka vicheko vilipokwisha. Aliingia, akaweka sukari mezani, akatabasamu, akasema ana usingizi. Nje bado kulikuwa na mwanga.

Chumbani alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakulia, kulia hakukuwa tabia yake. Alijiambia kwamba wana haki. Mzee safarini ni mzigo: anataka choo, anataka kupumzika, anataka kurudiwa maneno. Lakini kilichomchoma si kuachwa. Watu huachwa. Kilichomchoma ni kile kicheko.

Yeye alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Asubuhi, kabla hajaambiwa lolote, aliwatangulia.

"Nimefikiri," alisema akipaka mkate siagi. "Hizo siku mtakazosafiri, mimi nitakwenda kwa mdogo wangu. Muda mrefu hatujaonana. Na mimi na visiwa wapi na wapi?"

Fundi wa lifti aliweka kikombe chini. "Mama, tunataka kwenda na wewe."

Alisema hivyo huku ameinama akifunga kamba za kiatu, na maneno yakaishia sakafuni. Mama yake aliona mgongo tu.

"Tumekubaliana basi," alisema Mama Laini.

Mwana aliinua uso, akamtazama mkewe, akachukua mkoba wake wa vifaa, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Jioni mkewe alipomwonyesha picha za nyumba za wageni, alizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za jino lake.

"Hataki kwenda na sisi," alisema. "Mtu halazimishwi kupenda watu."

"Ni mama yako huyo."

"Ndiyo maana inauma."

Nyumba ikapoa. Walipikiana, walisalimiana, waliombana radhi walipopishana ukumbini, lakini kimya kile kilikuwa kizito kuliko majora ya vitambaa. Mkwe alizidi kushangaa. Amekaa na mama mkwe huyu miaka chungu nzima, wamegombana na kupatana, na hakuwahi kumwona akikimbia watu wa nyumba yake. Siku moja akamuuliza kama amekwisha kumwarifu mdogo wake. Mama Laini akajibu bila kupepesa macho, "Tumeongea jana. Amefurahi sana."

Uongo una miguu mifupi. Huo haukufika hata mwisho wa wiki.

Mkwe alikuwa anapinda pindo la pazia zito la hoteli simu yake ilipolia. Alikuwa mdogo wake Mama Laini, sauti juu juu.

"Mkwe, samahani kukusumbua. Dada yangu mzima?"

"Mzima kabisa. Si mliongea majuzi?"

"Na nani? Nimempigia mpaka nimechoka, simu haipatikani. Mara ya mwisho tulipoongea nilimwambia mguu wangu umevunjika, akaniambia hongera!"

Mkwe aliacha pindo. Akamaliza mazungumzo vizuri, akaweka simu mezani, akabaki ametazama cherehani. Mambo mengi yalianza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Kisima cha ghorofani. "Mtaamua wenyewe." Kengele ya mlango ambayo hupigwa mpaka jirani anatoka. Na hii mashine hapa, inayounguruma kutwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mama, ambayo haijalalamikiwa kwa miaka.

Mama Laini alikuwa jikoni anachambua dengu. Mkwe alivuta kiti, hakukaa kando kama kawaida yake, akakaa uso kwa uso, kwenye mwanga.

"Mama, mdogo wako amepiga simu."

Vidole vya mzee vilisimama kwenye sinia.

"Hajui kama unakwenda kwake. Na mguu wake umepona, anakusalimu."

"Mguu gani?"

"Ule uliompa hongera."

Mama Laini alirudi kwenye dengu zake. Alitoa kijiwe kimoja, akakitazama, akakiweka pembeni.

"Mama, kwa nini hutaki kusafiri na sisi?"

"Mimi ndiye sitaki?" Sauti ilimtoka kali, ile ya zamani ya kumkatia mtu laini. "Nyinyi ndio mlikaa mezani mkasema mniache, mkacheka! Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe."

"Masikio gani, mama?"

Ilimtoka kabla hajaipima. Mkwe alijiziba mdomo kwa mkono. Mama Laini alimkazia macho, mdomo umebaki wazi, na kwa muda haikujulikana kama sinia litaruka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, safari hii bila kuchelewa, akacheka mpaka dengu zikamwagika, na katikati ya kicheko machozi yakaja, naye akayaacha yaje.

Mkwe alimshika mikono yote miwili, akasema taratibu ili kila neno lionekane. "Binti alitaka milimani. Baba yake akamwambia, milimani kuna baridi na ngazi tupu, tukienda huko itabidi tumwache bibi yako, na mimi siendi popote bila mama. Ndiyo maana tukachagua kisiwa. Binti akasema, tukimwacha bibi atatusaka, ataunganisha simu za dunia nzima mpaka atupate. Hapo ndipo tulipocheka."

Mama Laini aliokota dengu moja iliyomwagika, akairudisha kwenye sinia.

"Tangu lini?" aliuliza mkwe.

"Tangu ndege walipohama." Alijifuta uso kwa ncha ya aproni. "Ningesemaje, mwanangu? Mimi, mtu wa simu?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Humuumbua, nami nimeumbuka mbele ya dengu."

Siku chache baadaye walikwenda wawili tu kwa mtaalamu wa masikio. Alikuwa dada mpole mwenye kibanda kidogo cha kioo, akamvisha Mama Laini spika za masikioni na kumwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mama Laini alipozivaa zile spika, mgongo wake ulinyooka wenyewe kwenye kiti, kama zamani kwenye swichibodi. Alibonyeza alipoweza. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo dada yule alizungusha vitufe vyake na yeye hakusikia chochote, akabaki anatazama ukuta kwa adabu. Mwishowe akapewa vifaa viwili vidogo, rangi ya kahawa ya maziwa, vya kuning'inia nyuma ya masikio.

Dunia ilimrudia kwa fujo. Karatasi zilipiga kelele. Viatu vyake mwenyewe vilimfuata ngazini kama askari. Walipofika nyumbani mkwe akawasha cherehani, na Mama Laini akaruka.

"Ee! Kumbe hiyo mashine bado inasaga mahindi!"

Mkwe aliizima, akamkumbatia. Mpaka siku ile hakujua kwamba alikuwa na hamu ya malalamiko yale.

Mwana naye aliambiwa. Alisikiliza, akasema, "Kumbe," akaenda bafuni kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Hakurudi kwenye jambo hilo. Lakini jioni ile alivuta kiti chake, akazitaka zile picha za nyumba za wageni, na mipango ikaanza upya.

Nyumba waliyoipenda ilikuwa na bustani mbele na bahari nyuma. Tatizo ni kwamba mwenyewe hakueleza vizuri. Mkwe alishampigia, akaambiwa kila kitu ni kizuri, kila kitu kipo, karibuni sana.

"Nipe hiyo simu," alisema Mama Laini.

Alirekebisha kifaa cha sikio la kulia, la kazi, akaweka simu, akasubiri. Ilipopokelewa, sauti iliyotoka kinywani mwake mjukuu hakuwahi kuisikia. Ilikuwa tulivu na safi, haina haraka hata kidogo.

"Habari za jioni, bwana. Nakusumbua kidogo kuhusu nyumba yako. Chumba cha chini kinapokea upepo wa upande gani?"

Alisikiliza. Akaitikia.

"Na ngazi je? ... Ngazi kidogo. Kidogo yako au kidogo yangu? Mimi nina magoti ya bibi."

Upande wa pili mtu alicheka. Mama Laini naye akatabasamu, akamwacha acheke mpaka atosheke.

"Umesita kabla hujajibu, bwana. Niambie tu, sitakasirika."

Akaambiwa. Kumbe ngazi ni nyingi, zimechongwa kwenye mwamba, hata mwenye nyumba mwenyewe huzishuka akitukana. Lakini dada yake ana nyumba nyingine upande wa pili wa bandari, tambarare, imekingwa na kilima, haina mandhari ya kujivunia ila ina jua la asubuhi na kiti cha nje. Mama Laini aliuliza maji ya moto, magodoro, umbali wa duka. Aliuliza hali ya hewa, akaelezwa kwa kirefu, na mjukuu aliyebandika sikio karibu akasikia yule bwana akisema kwamba mwezi ule kule kunakuwa kama maji ya kumwogeshea mtoto, si moto si baridi.

"Basi tutakuja," alisema. "Msalimie dada yako."

Akakata. Fundi wa lifti alikuwa anamtazama mama yake kama alivyomtazama alipokuwa mdogo, siku alizopelekwa hospitali na kukaa chini ya meza ya swichibodi.

"Bibi," mjukuu alisema, "umejuaje kama amesita?"

"Alivuta pumzi. Mwongo huvuta pumzi kwanza. Na unyooshe mgongo ukikaa."

Walisafiri miti ilipoanza kutoa majani. Kwenye kivuko mjukuu alichafukwa na tumbo, fundi wa mapazia alizungumza na kila abiria, na fundi wa lifti alikwenda kuchungulia chumba cha injini mpaka akafukuzwa. Nyumba ilikuwa kama ilivyoelezwa. Kilima kilisimama nyuma yake, na ukutani ulitambaa mmea wenye maua ya njano yaliyojaa nyuki. Mwenye nyumba, dada wa yule bwana wa simu, alikuwa mama mnene asiye na maneno, aliyewapa ufunguo na mayai kwenye sahani akaenda zake.

Siku ya kwanza kulinyesha manyunyu, wakashinda ndani wakicheza karata. Siku ya pili kulikucha vizuri. Mkwe na binti walikwenda dukani. Mama Laini aliketi kwenye kiti cha nje, sweta moja, miguu juani. Mwanawe akaja akasimama nyuma yake, mikono mfukoni, akaanza kusema kitu.

"Ngoja," alisema mama. "Upepo unavuma kwenye hivi vidude, nasikia kama treni." Akavitoa, akaviweka mapajani. "Njoo mbele. Kaa hapa, nikuone."

Hakukuwa na kiti kingine, kwa hiyo lile jitu likaketi chini kwenye nyasi, mbele ya miguu ya mama yake, uso kwenye mwanga.

"Nilidhani hututaki," alisema. "Siku ile. Nilikasirika siku nyingi."

Mama Laini aliitazama midomo yake mpaka ikatulia.

"Na mimi nilidhani hamnitaki. Tukakasirika wote wawili ndani ya nyumba moja, kila mtu na jiko lake."

"Ungeniuliza tu, mama."

"Ningekuuliza ungejibu, na jibu nisingelisikia. Ndilo nililoliogopa." Alinyoosha mkono akamtoa jani kwenye nywele. "Uliniambia siku ile, sivyo? Ulipokuwa unafunga kiatu. Ulisema nini?"

"Nilisema tunataka kwenda na wewe."

"Sema tena."

Akasema tena, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Mama yake aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba neno limefika. Jua lilikuwa la kiasi, nyuki walikuwa kazini kwenye ukuta wa njano, na fundi wa lifti, ambaye kwa muda mrefu hakuwa amekaa chini bila kushika spana, alijilaza kwenye nyasi akafumba macho.

Baadaye kidogo mkwe na binti walitokea barabarani, wamebeba mikate na vitunguu, wanabishana jambo. Mama Laini aliwaona kabla hawajamwona. Alichukua vile vidude, akavirudisha masikioni kimoja kimoja, ajue wanabishana nini.